Mtani Aliyeondoka Mapema

Wifi yangu Dina Simeoni amefanya kazi miaka kumi na tisa katika hosteli ya wasichana ya chuo kimoja cha mifugo hapa Singida Mjini. Wanafunzi humwita matroni. Yeye mwenyewe hupenda kuitwa mama mlezi, na asiyemwita hivyo hujibiwa polepole mpaka ajirekebishe. Niliolewa na kaka yake kule Mgori mwaka wa sabini na tano nikamkuta Dina ana miaka kumi, anachunga ndama, kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuhadithiwa. Nimemwona mtu huyu akikua, akiolewa, akifiwa, akihamia mjini na sanduku moja la bati, na bado namwona, maana tunaishi uzio mmoja karibu na ziwa Kindai.

Mwaka huu mwezi wa kumi na mbili anastaafu. Alikuwa ameshapanga namna atakavyotoka: atavaa kitenge cha zambarau, atapita getini mchana watu wote wakimwona, na Jumapili yake atakwenda kukaa benchi la mbele kanisani Mgori. Mwezi wa tatu jambo hilo lilikaribia kuharibika, na hilo ndilo ninaloliandika.

Wageni wa nje walianza kuletwa chuoni miaka kama sita iliyopita. Kabla ya hapo mgeni kwa Dina alikuwa mtoto wa Kagera anayelilia ndizi. Sasa akaletewa Mrundi, akaletewa Mmalawi, akaletewa binti wa Kifini aliyekuwa anakaa juani saa sita mchana kwa hiari yake. Dina alimwondoa pale mara mbili akidhani anaumwa baridi. Binti wa Komoro, Zaliha, alitoka chumbani asubuhi moja amejipaka uso mzima kitu cha njano, Dina akakimbia kumwita nesi. Nesi alikuja na thamometa. Zaliha akawaambia ni msandali tu, kwao wanawake hujipaka ngozi ilainike. Dina alisimama akafikiri, kisha akauliza, "Na mimi unaweza kunipaka?" Akapakwa. Akashinda nao mpaka saa kumi, anagawa funguo uso wa njano.

Basi alikuwa hivyo. Hakuogopa watu. Kosa lake ni kwamba aliamini kila mtu duniani anaweza kuingizwa katika mambo ya kwetu akielekezwa mara moja.

Nyibol alitoka Sudan Kusini. Ni binti mrefu, akiingia mlangoni anainama kidogo. Kiswahili alijifunza miezi sita kabla ya kuja, akakijua vizuri ila anakisema kwa kukikata kata. Wiki yake ya kwanza alimkuta Dina getini anatukanana na mlinzi, Gasto, Msukuma wa Maswa.

"Nyie Wasukuma mkiona sahani mnadhani ni chepe!" Dina alikuwa anasema.

"Na nyie Wanyaturu mkiona kuku mnamwamkia shikamoo!"

Nyibol akashika mkono wa Dina, anataka kuwaamua. Ndipo akaelezwa kwamba hawa ni watani, kwamba Mnyaturu na Msukuma husemana hivyo tangu enzi na hakuna anayekasirika.

"Na mimi nina mtani hapa?" akauliza.

Dina akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Wewe? Nyie watu warefu ndio mliomwibia babu yangu ng'ombe."

"Hatukuiba," Nyibol akajibu bila kucheka. "Ng'ombe wote wa dunia ni wetu. Tulikuja kuchukua."

Gasto aliniambia Dina alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Tangu siku hiyo akatangaza kwamba amepata mtani wa pili. Binti alikubali, wakawa wanasemana kila asubuhi, ng'ombe wa babu wanadaiwa kila asubuhi. Nyibol alimsimulia habari za kwao: baba yake alivyopigwa teke na dume akabaki anachechemea, alivyopenda maziwa ya mgando, alivyokuwa akiwaita madume yake kwa majina. Dina akaja kunisimulia nyumbani kama anayesimulia habari za shemeji.

Jumanne moja mwezi wa tatu simu ikaja kwamba yule baba amefariki. Nauli ya ndege haikuwapo, na njia ya barabara ingemfikisha wiki mbili baada ya mazishi. Nyibol aliwaona watu wakizika kwenye kioo cha simu. Hakulia. Wasichana wakatandika mikeka kwenye ukumbi mdogo wa hosteli, wakakaa naye, Wakristo kwa Waislamu. Eliana, yule Mrundi, alimshika mkono kutwa bila kusema neno. Mimi nilikwenda Jumatano asubuhi kutoa pole, kwa hiyo lililotokea nililiona.

Saa nne Dina akaingia. Alikuwa amevaa koti la ulinzi la Gasto lililomfika magotini, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi. Anachechemea.

"Nani amewaruhusu kulia?" akapaza sauti ya kiume. "Nimeacha madume arobaini, na yote nimemrithisha mtani wangu Dina! Huyu binti yangu asipewe hata mkia!"

Wasichana wa hapa nchini waliangua kicheko. Kwetu ndivyo ilivyo, mtani huingia msibani na nguo za marehemu, akamwigiza, na wafiwa wakapata pumzi. Nami nilicheka, sifichi. Zaliha alijifunika uso. Mmalawi alitazama huku na huku kwanza, ndipo akacheka. Dina akazunguka ukumbi mara mbili akichechemea, akapiga fimbo sakafuni, kisha akatazama saa ya ukutani. Kwaya yao ya kanisani ilikuwa na mazoezi saa nne na nusu. Akavua koti, akampa Nyibol mkono, akaondoka.

Nyibol alikaa kama dakika tano. Halafu akanyanyuka, akatoka na kandambili miguuni, akaenda moja kwa moja ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Barua aliiandika kwa Kiingereza. Ilisema mfanyakazi amemdhihaki marehemu baba yake mbele ya watu.

Jioni Dina akaletewa karatasi ya kujieleza. Alikuja nayo kwangu, maana mimi darasa la saba nililimaliza na mwandiko wangu haujapata kulalamikiwa.

"Andika nilitania," akasema.

"Sababu?"

"Andika ni mtani wangu."

"Nikuombee samahani?"

"Samahani ya nini? Msibani kwa mtani nisitanie, nikatanie wapi? Harusini?"

"Dina, wakikuandikia umemtukana mfiwa, unatoka pale kabla ya Desemba. Na Mgori watasikia."

Aliichukua ile karatasi akaikunja, akaikunjua. "Usiandike samahani," akasema. Sikuandika.

Alhamisi tukaitwa ofisini. Nilikwenda naye kama mtu mzima wa kwake. Mshauri, Bwana Christopher, ni mtu wa Kilimanjaro, kijana mwenye adabu, aliniamkia vizuri akanipa kiti. Gasto aliitwa pia kwa sababu ya koti. Nyibol alikaa upande wa dirishani.

Bwana Christopher alisema chuo kina wanafunzi wa mataifa tisa, na kwamba desturi ya mtu mmoja haiwezi kuwa kanuni ya wote. Faili litakwenda kwa mkuu wa chuo Jumatatu. Kama malalamiko yamebaki kama yalivyo, mkataba wa mama mlezi utakatishwa.

"Mama, una la kusema?"

"Nilitania," Dina akajibu. "Alikubali utani mwenyewe, getini. Muulizeni."

"Nilikubali," Nyibol akasema. "Nilidhani ni maneno ya asubuhi. Sikujua yanaingia mpaka kwenye kifo." Akamgeukia Gasto. "Mzee, kwenu mtani anafanya nini msibani? Ni kucheka tu?"

Gasto alishtuka kuulizwa. "Hapana, mwanangu. Mtani ndiye mfanyakazi wa msiba. Anachimba kaburi, anateka maji, anapasua kuni, anaosha vyombo. Wafiwa wanakaa tu. Huku anafanya kazi, huku anatania, ndiyo ruhusa yake ya kutania. Hatoki mpaka matanga yaanuliwe."

"Yeye alikaa muda gani?"

Gasto alimtazama Dina, halafu akatazama miguu yake mwenyewe. "Koti langu lilirudi bado halijapata joto."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama wifi yangu nikaona amelielewa. Angeweza kubishana na Bwana Christopher na kanuni zake mpaka jua lizame, lakini hili lilitoka kwetu wenyewe. Alichukua haki ya mtani akaacha kazi yake. Kule Mgori mtani wa namna hiyo asingeitwa tena kwenye msiba wowote.

"Nilikwenda kwaya," akasema kwa sauti ndogo.

Bwana Christopher alikuwa amechanganyikiwa. "Kwa hiyo kosa ni dhihaka au ni kuondoka?"

"Mimi nilidhani ni dhihaka," Nyibol akasema. "Sasa sijui. Nitakujibu Jumatatu."

Kutoka hapo Dina hakwenda nyumbani. Aliomba ruhusa ya siku tatu, akajifunga kanga kiunoni, akaingia hosteli kama mtu wa msiba. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, akateka maji kisima cha jirani, ndoo baada ya ndoo, mwanamke wa karibu miaka sitini. Alipasua kuni, akasonga ugali wa uwele, akatafuta maziwa ya mgando kwa watu wa Unyamikumbi. Aliosha sufuria za watu ishirini na wanane. Na siku zote hizo hakutania hata neno moja. Wasichana walimwogopa, walikuwa hawajapata kumwona kimya.

Ijumaa nilikwenda nikashika kisu nimenye vitunguu. Akaninyang'anya.

"Wifi, wewe si mtani wake. Nenda kakae mkekani na wafiwa."

Nikaenda kukaa. Nyibol alikuwa anamtazama Dina akipita na ndoo. Hakumsemesha. Siku hiyo alikunywa maziwa kidogo, na Jumamosi akala ugali, tonge nne, nilizihesabu. Dina alipokuja kuondoa sahani aliitazama, akaichukua, akaondoka. Jioni tulipokuwa wawili aliniuliza mara moja tu kama binti amesema lolote. Nikamwambia hajasema.

Jumapili ndiyo siku tuliyopanga kuanua matanga. Asubuhi Dina alileta beseni, akapiga magoti mbele ya Nyibol ili anawe uso. Nyibol alitia vidole majini, akavitoa.

"Maji ya baridi, mtani," akasema. "Rudia."

Dina alibaki na beseni mikononi. Nilijua anapima: akijibu vibaya, kesho faili linakwenda, na asipojibu, basi aliyoambiwa ni amri tu ya bibi kwa mtumishi na utani umekwisha.

"Kwenu mnanawia maziwa," akasema hatimaye. "Hapa utanawa ulicholetewa. Na ng'ombe wa babu yangu bado nawataka, baba yako amekwenda bila kuniaga."

Nyibol aliinua upindo wa kanga akajiziba mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Mwanzoni tulidhani anacheka, na nadhani alianza kwa kucheka kweli. Kisha akalia, kilio kikubwa, cha kwanza tangu Jumanne ile. Eliana akataka kumnyamazisha, Dina akamzuia kwa mkono. Aliweka beseni chini akakaa palepale sakafuni, hakumshika, hakusema, alikaa tu mpaka kilio kikaisha chenyewe. Halafu akachukua beseni, akaenda jikoni kuyapasha yale maji moto.

Jumatatu Nyibol alipeleka barua nyingine ofisini, safari hii kwa Kiswahili. Bwana Christopher alitusomea. Ilikuwa na mistari miwili: mlezi amemaliza kazi ya msiba, na mimi sina shauri naye tena.

Malalamiko yakafutwa. Hata hivyo Bwana Christopher alisema hawezi kufunga faili tupu, kwani Jumatano ile mama mlezi alitoka kazini saa nne na nusu asubuhi bila ruhusa. Akamwandikia barua ya onyo. Dina aliisoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari, akaomba kalamu.

"Hili nasaini," akasema. "Lile la kumtukana mfiwa mngeniletea hata mara kumi, nisingesaini."

Akasaini, akaniambia nisimame, funguo za stoo anazo yeye na wasichana wanasubiri sabuni.