Ubongo wa Mama Pindo

Wasomi wana vituko vyao. Mtu atasoma mpaka macho yaingie ndani, halafu anakaa sebuleni kwa mama yake anaiuliza kompyuta mama anataka nini. Ndiye Injinia huyo, mtoto wa kwanza wa Mama Pindo.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina alipewa na wateja, maana pindo lake halifumuki hata ukilivuta kwa meno. Mume alimfia mapema, akawalea wanawe watatu kwa cherehani iliyo chumba cha mbele cha nyumba yake, na katika kulea huko alijifunza namna moja tu ya kuishi na watu. Mteja kanenepa mwenyewe, anarudisha gauni eti limebana: "Mimi sina neno." Watoto wamemaliza nyama, yeye kaachiwa mchuzi: "Mimi sina neno, wanangu."

Injinia alipofungua kampuni ya kuiga ubongo wa binadamu ndani ya kompyuta (kampuni, eti! Yeye, rafiki yake na feni), alitaka aanze na mama. Mama akakubali, angemkatalia vipi mwanawe? Akalazwa kwenye mashine ya kupiga picha kichwa, inagonga kama mafundi bati, akatoka masikio yamemziba. Kisha yakaja maswali, na kila jibu likalishwa kompyuta. Unapenda chakula gani? Chochote. Ukiudhiwa unafanyaje? Nanyamaza. Injinia akatoka hapo kifua mbele, anatangaza kwamba amemnakili mama yake mzima mzima mpaka sauti. Debe tupu haliachi kuvuma.

Baadaye kampuni ikataka kompyuta kubwa zaidi, na Injinia akaona pa kuipata: nyumba ya mama iuzwe, mama ahamie chumba cha nyuma kwake. Si angemuuliza mwenye nyumba? Alikuwa hapo hapo, anapiga pasi. Aa wapi, huo ushamba! Akaiuliza kompyuta, ikamjibu kwa sauti ya mama: "Mimi sina neno, mwanangu." Akawapigia simu wadogo zake kuwa mama kakubali. Nao, mabingwa wa kutojisumbua, wakasema sawa.

Mama Pindo alikuja kujua siku mwanawe alipomleta mnunuzi, yule bwana akaanza kugongagonga kuta za chumba cha cherehani.

"Unatafuta nini, baba?"

"Naangalia nyumba, mama. Si umekubali kuuza?"

"Nimekubali lini?"

Injinia akakohoa. "Mama, tulikuuliza. Yaani, ulijibu humu." Akaiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu, akaifungua. Sauti ikatoka, laini, yenye subira: "Mimi sina neno, mwanangu."

Mama Pindo aliona aibu, tena si ya mwanawe, ni yake mwenyewe. Kumbe ndivyo alivyokuwa akisikika miaka yote hiyo!

"Siuzi," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti: "Nyumba yangu siuzi!"

"Mama, hilo si jibu lako," Injinia akamwambia, kwa ule upole wa kumwelekeza mtoto mdogo. "Tumelirudia swali hili humu mara nyingi. Wewe huwa hukatai. Labda umechoka."

Jamani, kuna watoto na kuna mizigo! Hata mnunuzi aliinamisha uso. Alikuja kutafuta nyumba, hakuja kutafuta laana. Akamwomba mama radhi, akaenda zake.

Mama Pindo alibaki amesimama katikati ya chumba, machozi yanamtoka waziwazi, midomo inamtetemeka kwa hasira. Injinia hakumtazama. Alikuwa ameinamia kompyuta, amekunja uso, anaiandikia swali: mama, umekasirika?

"Hapana, mwanangu," ikamjibu.

Injinia akashusha pumzi, akatabasamu.