Nilimtafsiria Fundi Wangu Uongo Polisi

Admin, usitaje jina langu, kuna watu wa kanisani kwetu wanasoma hapa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, Mtanzania, nina mume na watoto wawili, nauza vitenge hapa katikati ya Johannesburg. Kiingereza changu ni cha dukani, lakini kwa ndugu zetu Wakongo waliofika juzi mimi ndiye profesa. Kliniki, benki, shuleni kwa watoto, wananiita nikawasemee. Na mimi napenda kuitwa, sitawaficha.

Miezi michache iliyopita mteja alinilipa noti ya randi mia mbili, kumbe feki. Niligundua nilipokwenda kununua mzigo, mwenye duka la jumla akanirudishia huku akiniangalia kama mwizi. Iliniuma sana. Badala ya kuichana nikajisemea, kama mimi nimeingizwa mjini, na mwingine aingizwe. Jioni nikamlipa nayo fundi anayenishonea nguo, Mkongo wa Lubumbashi mwenye mke mjamzito. Aliikunja akaitia mfukoni bila kuitazama, kwa sababu imetoka kwangu.

Kesho yake polisi wakanipigia. Fundi amekamatwa dukani na noti bandia, Kiingereza hajui, amewapa namba yangu nikamtafsirie. Nilikwenda, nikijidanganya kwamba naenda kumsaidia. Polisi akamuuliza noti ameitoa wapi. Fundi akanigeukia bila hasira yoyote, akasema, "Mama, uwaambie ni weye ulinipatia hii makuta. Pengine na weye walikudanganya."

Alinipa hata njia ya kutokea, na bado sikuitumia. Tangu zile fujo za kuchoma maduka ya wageni tunaishi roho juu, nikawaza kibali changu, duka, watoto. Nikamwambia polisi kwa Kiingereza kwamba anasema amepewa na mteja asiyemjua. Polisi akaandika, fundi akatia sahihi. Akaniuliza kama nimewaambia, nikasema nimewaambia.

"Merci, mama," akajibu.

Mpaka leo yuko mahabusu. Mume wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, tukifungua mdomo sasa tutafukuzwa sote. Nampelekea mkewe unga na mafuta, na kila akinishukuru naona aibu. Nilikuwa najiona mtu mwema, kumbe nilikuwa sijajaribiwa tu.

Kesi imeahirishwa hadi Jumatatu kwa kukosa mkalimani wa Kiswahili. Juzi mkewe alikuja dukani, miguu imevimba, akakaa kwenye kiti changu akaniambia, "Bwana yangu anasema hataki mutu mwingine. Anasema weye ulimusemea muzuri." Nikamkubalia, kwa sababu sikujua namna ya kukataa.

Ndugu zangu, nikisema kweli nitafungwa au nitarudishwa kwetu, na wanangu hawajui nchi nyingine zaidi ya hii. Nikinyamaza, mtoto wa mwenzangu atazaliwa baba yake yuko jela kwa kosa langu. Na karatasi aliyotia sahihi inasema maneno yangu, si yake. Jumatatu atanigeukia tena mbele ya hakimu, atasema ni mimi niliyempa, na mahakama nzima itasubiri niwaambie amesema nini.

Nishaurini, niwaambie amesema nini?