Funguo kwenye Dakika ya Kumi na Moja

Mkalimani alishuka kwenye teksi mbele ya jengo ambalo hakuwahi kuliona, begi begani na sweta imeviringishwa kwapani. Ndani ya sweta kulikuwa na diski moja ya muziki. Alikuwa ametoka mji wa mkutano alfajiri, akabadilisha basi mara mbili, na kila alipokaa aliiweka sweta ile mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Lugha nne alizokuwa akizungumza kwa mshahara hazikumsaidia kujua mlango upi ulikuwa wa ngazi na upi wa stoo. Fundi cherehani aliyekuwa na kibanda chini ya jengo alimtazama, akakata uzi kwa meno.

"Unamtafuta mzee wa makasha? Ghorofa ya tatu. Ufanye haraka, gari lao ni saa nane."

"Wanahama leo?"

"Leo hii. Wiki nzima watu wanateremsha maboksi. Mimi nilidhani ni vigae."

Ilikuwa saa sita kasoro. Mkalimani alipanda ngazi huku akihesabu saa, kazi aliyoizoea, kwa kuwa maisha yake yalikuwa ya kufika mahali watu wengine walipokuwa wakijiandaa kuondoka.

Hakuwa amewahi kumwona mzee huyo, ila alikuwa amepokea barua zake tatu. Wote wawili walikuwa katika kikundi cha watu kumi na wanne, waliotawanyika huku na huko, waliokuwa wakibadilishana diski za muziki wa klasiki kwa posta. Kila miezi mitatu ilizunguka orodha: fulani anatoa hiki, anataka kile. Kikundi kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Ukishatoa, umetoa, hurudi kudai. Ukijuta, unaweza kuomba, na yule aliyenacho ndiye anayetaja atakacho, au anakataa na maneno yanaishia hapo.

Mzee alikuwa ametoa diski hiyo mwaka uliopita, mkalimani akaipata kwa kubadilishana na kasha dogo la diski za fidla. Mwezi mmoja baadaye ikaja barua ya kwanza ya kuomba. Mkalimani hakujibu, kwa sababu aliipenda ile diski. Ikaja ya pili. Kwenye ya tatu mzee aliandika kwamba yeye na mkewe wanahamia kwa binti yao, mbali, chumba kimoja, na kwamba angependa kuondoka nayo. Mkalimani akajibu mstari mmoja: nitapita, tuisikilize kwanza. Hakuahidi kitu.

Mlango ulikuwa wazi. Kuta zilikuwa na mistari myeupe pale rafu zilipokuwa zimesimama, kuanzia sakafuni mpaka karibu na dari, pande tatu za chumba. Masanduku mawili ya nguo, godoro lililofungwa kwa kamba, kiti kimoja cha plastiki. Mashine ya kuchezea diski ilikuwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, spika zake mbili chini. Karibu na mlango kulikuwa na kasha moja kubwa lililofungwa kwa magazeti.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu mwanangu!" Mzee alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. "Wewe ndiye uliyekuja na funguo zangu."

"Si funguo," alisema mkewe kutoka kwenye kiti, akikunja pazia. "Ni kelele. Funguo zilibaki kwao."

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ungekaa, ila kiti ndicho hiki na nimekiwahi mimi."

Mkalimani alikaa juu ya sanduku, na mzee akaanza kumweleza, kwa kuwa kwenye barua alikuwa ameandika "sababu binafsi" tu.

Miaka thelathini na moja iliyopita alikuwa mtunza milango katika ukumbi wa tamasha wa mji huo huo. Jumapili moja alasiri alikuja mpiga piano mgeni na okestra nzima, na watu wa redio wakatega vinasa sauti. Mzee, wakati huo kijana wa sare na kofia, alisimama ndani ya mlango wa nyuma. Katikati ya sehemu ya pili, ile ya polepole, mlango ukaanza kusukumwa na mtu aliyechelewa. Bawaba zilikuwa zikilia, naye alizijua. Akainama kuushika mlango usilie. Pete ya funguo ishirini na mbili ikachomoka kiunoni.

"Nilikuwa nazuia kelele," alisema. "Hilo hakuna aliyeniuliza."

"Kesho yake akafukuzwa," mkewe alidakia. "Mtoto ana miezi miwili, na mimi napewa habari za funguo. Tangu siku hiyo kwetu jina lake ni Bwana Kishindo. Mashemeji, majirani, hata watoto. Muulize."

"Ni kweli," alisema mzee, bila kinyongo.

Alipata kazi ya kusoma mita za maji, akaifanya miaka ishirini na sita, nyumba kwa nyumba, akiinama juu ya mashimo na kufuta vioo kwa kidole gumba. Mwaka wa pili wa kazi hiyo alipita dukani akaona diski mpya dirishani: tamasha la Jumapili ile, limetolewa. Hakujua chochote kuhusu muziki ule. Aliinunua ili asikie kama funguo zake zimo. Zilikuwemo, dakika ya kumi na moja ya sehemu ya pili. Alisikiliza mpaka akaizoea, kisha akataka kujua kwa nini watu walikuwa wamekaa kimya vile kabla hazijaanguka. Akanunua nyingine, ya mpiga piano yule yule. Kisha ya okestra nyingine ikipiga kitu hicho hicho. Halafu kampuni zikaanza kutoa makasha: diski ishirini, arobaini, themanini, kazi zote za mtu mmoja toka ujana mpaka kaburini. Hapo ndipo akatekwa.

Alikuwa na taratibu zake. Toleo jipya lilikaa siku tatu juu ya kabati bila kufunguliwa, ili yeye mwenyewe apoe. Kisha alianza na diski ya kwanza na kufuata namba, moja kila jioni, hata kama aliyoitamani ilikuwa ya hamsini. Kwenye daftari la mraba, kama lile la mita, aliandika tarehe, namba na neno moja.

"Neno lenyewe unalijua?" mkewe aliuliza. "'Nzuri.' 'Ndefu.' 'Rudia.' Madaftari tisa, mwanangu, na mengi ni 'ndefu'. Wanawake wengine wana mke mwenza mmoja. Mimi nilikuwa nao mia mbili, wote wa kadibodi."

Na alikuwa na mwiko mmoja: kitu kimoja hakikai mara mbili kwenye rafu. Kwa hiyo lilipotoka kasha jipya la yule mpiga piano, diski arobaini na nane, rekodi zake zote, sauti imesafishwa upya, alitazama orodha ya nyuma, akaliona tamasha la Jumapili ile kwenye diski ya thelathini na moja, na siku hiyo hiyo akaiandika ile ya zamani kwenye orodha ya kikundi. Alijua kuisoma mita hata kwenye matope. Neno "imesafishwa" alilisoma akalipita.

Jioni ya thelathini na moja alikaa akasubiri. Dakika ya kumi na moja ilikuja, akainua kidole kama alivyozoea. Piano ikapita laini, kama sakafu iliyopigwa deki. Aliirudisha. Ikapita tena.

"Nikamwambia," alisema mkewe, "basi hukuangusha. Ungebaki na kazi."

Alilisema kama mzaha, na mzee akacheka kidogo. Lakini mkalimani, ambaye riziki yake ilikuwa kusikia kilicho chini ya maneno, aliona mkono wa mzee ukigusa kiuno, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ukiacha lile kasha jipya lililobaki mlangoni, rekodi nyingine zote zilikwisha kupelekwa maktaba ya chuo cha ualimu, kwa safari mbili za gari, na aliziaga bila shida. Diski ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba alikuwepo.

Mkalimani alikunjua sweta. Mzee aliitoa diski kwa ncha za vidole, akaenda dirishani, akaiinamisha huku na huku kwenye mwanga.

"Hapa kuna mkwaruzo."

"Najua," alisema mkalimani. "Ulipoituma haukuwepo. Iliniponyoka garini, nikaifuta kwa kitambaa."

"Uliifuta kwa kuzungusha?"

"Kwa kuzungusha."

Mzee alifunga macho kidogo. Alipumulia diski, akaifuta kwa pindo la shati, kutoka katikati kwenda nje, mstari baada ya mstari. "Mkwaruzo uko katikati. Sehemu ya pili iko hapo."

"Basi iruke iende huko huko tuone," alisema mkewe. "Gari saa nane."

"Hairukwi."

"Mtu huyu!"

Ikaanza mwanzo. Kwa miaka yote hiyo, muziki ulipoanza, mkewe alikuwa na jiko la kukimbilia. Leo jiko lilikuwa limeshauzwa, pazia limeshakunjwa, na nje jua lilikuwa kali. Akabaki kitini. Sehemu ya kwanza ilimaliza dakika ishirini. Mara moja tu aliuliza kama hao wenye mafidla wanalipwa kwa saa. Mkalimani alisikiliza alivyozoea kuisikiliza diski ile: muziki kidogo, ukumbi zaidi. Siku nzima kazini alivaa vipokea sauti masikioni, akawasikia wajumbe wakimeza mate na kusogeza karatasi, na nyumbani rekodi safi zilimpa baridi, kama hoteli. Kwenye hii watu walikohoa. Kiti kililia. Kile kishindo cha katikati siku zote alidhani ni vijiko.

Sehemu ya pili ikaanza. Dakika ya tisa mashine ikakwama: tik, tik, tik, sauti moja ikijirudia kama kuku anayedonoa bati. Mzee hakuinuka. Mkewe aliacha kujipepea. Tik, tik, kisha ikavuka, ikaendelea.

"Bado," alisema mzee.

Piano ilishuka taratibu, kila sauti peke yake. Zikaanguka. Mlio mfupi wa chuma juu ya mbao, halafu mlio mdogo zaidi wa zile zilizochelewa, halafu pumzi ya ukumbi mzima. Mpiga piano aliishikilia sauti aliyokuwa nayo, sekunde mbili, tatu, mpaka kimya kikarudi, ndipo akaenda kwenye iliyofuata.

"Alinisubiri," alisema mzee. "Umesikia? Alinisubiri."

Mkewe alikuwa ameinama mbele. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Irudishe."

Mzee asiyeruka wala kurudisha bila sababu, alirudisha. Zikaanguka tena.

"Na hiyo ndiyo iliyokufukuzisha kazi?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani uliangusha mlango mzima." Alikaa akitazama ndoo. "Kelele yenyewe ni kama ya sinia. Yule meneja wenu alikuwa na wazimu." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na mimi nikawasaidia kucheka."

Mzee aliiacha diski imalize mpaka mwisho, kama inavyopasa, akaitoa, akairudisha kwenye mfuko wake, akamgeukia mgeni. Sheria ilikuwa sheria.

"Taja chako, mwanangu. Au useme hapana."

Njia nzima mkalimani alikuwa na majibu mawili, na hata pale mlangoni hakujua angetoa lipi. Alimtazama yule mama. Alikuwa ameshafungua pochi yake na kutoa leso, akaitandaza mapajani, tayari kufungia kitu.

"Kasha lile la diski arobaini na nane," alisema mkalimani.

"Nilikwisha kulifunga," alisema mzee, akalisukuma kwa mguu.

Mkewe alinyoosha mkono. "Lete hapa. Hii naibeba mimi. Wewe na vitu vya kuanguka, hapana." Akaifunga kwenye leso mara mbili, akaiingiza kwenye pochi, akafunga zipu.

Saa nane kasoro tano honi ililia chini. Fundi cherehani alikuja kuchukua masanduku, na dereva akachukua godoro na kiti. Mashine ya muziki ilikuwa imeachiwa fundi, angeifuata jioni. Basi la mkalimani lilikuwa saa kumi na moja.

"Mwenye nyumba anakuja saa kumi," mzee alimwambia. "Mpe hizi mkononi." Alitoa funguo tatu zenye kipande cha uzi, akaweka kiganja chake kimoja chini ya mkono wa mkalimani na kuzilaza juu polepole, moja moja, zisigongane.

"Bwana Ki—" mkewe aliita kutoka kwenye ngazi, akaishia hapo. "Baba watoto! Gari!"

"Nakuja, mama."

Mkalimani aliwasikia wakiteremka, mama mbele na mzee nyuma, wakibishana nani atakaa dirishani. Mlango wa gari ukafungwa, mara ya kwanza haukushika, ukafungwa tena. Halafu mtaa ukarudia mlio wa cherehani.

Alikuwa na saa mbili. Alifungua magazeti, akatafuta diski ya thelathini na moja, akaiweka kwenye mashine na kukaa sakafuni karibu na ndoo, funguo mkononi. Hakuruka. Sauti ilikuwa safi kweli, hakuna kikohozi, hakuna kiti. Ilipofika dakika ya kumi na moja ya sehemu ya pili hakikuanguka kitu. Lakini mpiga piano aliishikilia ile sauti moja, sekunde mbili, tatu, katikati ya kimya, akimsubiri mtu.