Seneta Aliposhika Simu Mazishini

Mwaka wa sabini na tano, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa na shida ikaingia. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuponda kokoto, mdogo wangu wa kike nimemfunga mgongoni kwa shuka. Mtu asiniambie dada yangu ni nani. Nilimlea mimi.

Toronto nilifika mtu mzima. Nimeosha vyoo vya ofisi, nimezoa theluji kwa koleo mtaa wa Lawrence Heights mpaka nikanunua gari langu la kuzolea. Kizungu changu ni cha kazi tu, lakini sijawahi kuomba mtu chakula.

Uchaguzi uliopita, seneta wa kaunti yetu huko Kenya alikuwa anatetea kiti. Muhula mzima alikuwa haonekani. Sasa hakosi mazishi, na vijana wake wa pikipiki wanazunguka vijijini wakiuliza nani yuko na nani. Dada alikuwa amekubali, kimyakimya, kuwa wakala wa mpinzani kituoni siku ya kura.

"Kaka, hii isitoke hapa," aliniambia kwa simu. "Jirani aliyejulikana yuko na mpinzani, wamemchomea zizi."

Nikamwambia hakuna wa kugusa mtu wangu.

Kisha shangazi yetu akafariki. Kwetu jeneza haliingii kaburini kabla mkubwa wa nyumba hajasema neno, na mkubwa ni mimi. Sikuweza kusafiri. Wakapiga simu, kwangu asubuhi niko mezani na chai, wakaiweka kwenye kipaza sauti. Aliyeishika ni seneta mwenyewe.

"Mzee wetu wa Kanada! Baridi haijakumaliza?" Watu wakacheka. "Hebu tuambie, hii nyumba iko upande gani?"

Mimi sizunguki.

"Mheshimiwa, kura ni ya kila mtu. Dada yangu yuko na mpinzani wako, ni haki yake. Atakayemgusa atajibizana na mimi."

Seneta akacheka, taratibu.

"Asante, mzee. Dada ni yupi? Asimame tumsalimie."

Simu ikakatika. Mke wangu akaweka kikombe chini.

"Sasa wewe, umemtetea au umemwonyesha?"

Nikamwambia anyamaze. Nilipompata dada kwa simu, sauti yake ilikuwa chini.

"Nilisimama, kaka. Ningefanyaje, na shangazi yuko mbele yangu?"

"Wamekuambia nini?"

"Hakuna. Wamenisalimia kwa mkono, mmoja mmoja."

Jioni ile pikipiki mbili zikaegeshwa langoni kwake. Kesho yake zikawa nyingi. Nikapiga simu ofisi ya seneta.

"Mzee, hao wanapumzika tu," kijana mmoja akanijibu. "Barabara ni ya serikali."

Wiki ya kura, mbwa wa dada alikutwa amekufa mlangoni, mlango wa ndani. Dada akapanda basi na begi moja. Mji aliko hajaniambia mpaka leo.

"Usinitaje tena, kaka," alisema. "Hata kwa wema."

Kituo chetu cha kura hakikuwa na wakala wa mpinzani. Seneta akarudi bungeni. Krismasi alinitumia salamu, akaniita mzee wa ukweli.

Leo nina nyumba huku Toronto, North York, imelipwa yote. Magari mawili ya kuzolea theluji. Duka la vipuri. Ekari tatu kule kwetu, hazijalimwa tangu wakati ule. Nyumba ya mawe yenye vyumba vinne, alimokuwa akikaa dada, na kufuli mlangoni ambalo si sisi tuliolifunga.