Spika Mpya za Gari Langu Zilivyomfanya Mwalimu wa Kwaya Ajione Kiziwi

Nimekosa. Nasema mapema, maana nikianza na habari ya gari utadhani mimi ndiye niliyeonewa. Hapana! Mimi ndiye niliyemwonea mzee wa watu, tena mzee aliyenifundisha kuimba.

Jina langu silitaji. Walio kwaya moja na mimi hapa Durban watanijua kabla ya kufika mstari wa kumi, na hao wamekwisha kunicheka vya kutosha.

Basi sikia. Nina gari dogo, kuukuu, mlango mmoja rangi yake si ya wenzake. Nalipenda. Ila spika zake zilikuwa zile zile lililotoka nazo kiwandani, za karatasi, na karatasi yenyewe imechanika. Ukiongeza sauti kidogo, zinakwaruza kama mtu anayesugua sufuria. Kutoka nyumbani Queensburgh hadi kazini Point nilikuwa nasikiliza sufuria, kila siku iendayo kwa Mungu.

Nikaenda Overport kwa Baraka, Mkenya anayefunga redio za magari. Nikamweleza wazi kwamba sina hela ya kuchezea. Hakunicheka.

"Boss, usijisumbue na vitu mingi," akaniambia. "Achana na amplifaya, achana na spika za nyuma. Chukua hizi mbili za milango ya mbele, tuzungushie sponji, hiyo redio yako itatosha. Ni eight hundred rand, na two hundred ya kufitiwa."

Eight hundred, sawa. Lakini two hundred ya kufunga? Mimi! Mimi ambaye kazi yangu ni kutengeneza simu, nashika vijiwaya vyembamba kuanzia asubuhi hadi jioni! Nikamwambia anipe spika zangu tu, nitaweka mwenyewe.

"Sawa boss. Lakini chunga plasi na minasi," akasema. "Zijaribu na betri kwanza."

Nikacheka. Ee, nilicheka! Anamfundisha fundi wa simu habari ya plasi na minasi!

Jumamosi nikafungua milango. Spika mpya zilikuwa na alama zake wazi. Waya za gari ndizo hazikuwa na alama: mlango wa kushoto rangi mbili, wa kulia rangi nyingine mbili kabisa. Betri ilikuwemo ndani ya saa ya ukutani, hatua ishirini kutoka pale niliposimama. Uvivu ule, na kiburi! Nikakisia. Nikaunganisha, nikarudisha milango, nikabaki na skrubu mbili mkononi ambazo hadi leo sijui zilitoka wapi.

Nikawasha. Lo! Sauti safi, imejaa gari zima. Nikamwita mke wangu, Riziki, aje asikilize.

"Iko muzuri, chéri," akasema, kichwa amekiinamisha upande. "Lakini kuko kitu inakosa. Iko sawa supu bila chumvi."

"Masikio yako hayajazoea vitu vizuri," nikamjibu. Mkosaji mimi! Maneno ya namna hiyo hiyo nilikuja kumwambia mtu mwingine.

Mtu huyo ni Papa Sylvain. Ndiye kiongozi wa kwaya yetu ya kanisa, ambayo karibu wote ni Wakongo, na ana miaka sitini na ushee. Nilipofika mji huu simjui mtu, yeye ndiye aliyenipokea, akaniweka kwenye sauti ya nne, ile nzito ya besi, akanivumilia. Mwaka huu alirekodi wimbo wetu, akakaa nao miezi kadhaa kwenye meza ya jikoni kwake, hedifoni kichwani, akipanga sauti moja moja. Ulipokamilika akatutumia wote kwa WhatsApp.

Sikutaka kuusikiliza kwenye simu, maana simu haitoi besi ya mtu yeyote. Nikaingia garini, kwenye spika zangu mpya.

Sauti ya kwanza, ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, ile ya tenori, inang'aa! Ya nne... hamna. Tumefutwa! Wanaume wanne wazima tumeimba mpaka koo zimekauka, na hatumo kwenye wimbo wetu!

Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Jumapili baada ya ibada niliwaita wenzangu watatu wa besi, tukajibana ndani ya gari kwenye maegesho ya kanisa, vioo juu, jasho linatutoka.

"Eish! Sisi hatuko mule!" akasema wa kwanza.

"Hata kidogo," akadakia wa pili. "Sasa tunaimbaka bure?"

"Papa Sylvain ni mutu ya tenori," nikasema mimi, mchochezi mkuu. "Batu yake anababeba, sisi anatutupa."

Tukamwendea wanne kwa mpigo. Tulimkuta akikunja stendi za nota.

"Batoto yangu, ile sauti iko mule," akasema kwa upole. "Miye minaisikia."

Na mimi, jamani, nikafungua mdomo. "Papa, labda ni masikio. Masikio yanazeekaka."

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai yake. "Pengine, mwana yangu," akasema. "Muko bane, miye niko peke yangu."

Hakubisha! Angenifokea, leo ningekuwa na nafuu. Sisi tukatangaza kwamba hatuimbi mpaka arekebishe, tukaondoka vifua mbele. Alhamisi mazoezi yakafanyika bila besi. Alhamisi iliyofuata hivyo hivyo. Na Papa Sylvain akarudi kwenye meza yake ya jikoni, akawa anatuongezea sauti tuliyodai haipo, kwa sababu alituamini sisi kuliko masikio yake.

Wiki ya tatu, mimi na Riziki tulikuwa Overport, tumesimama kwenye robot, ndivyo hapa waitavyo taa za barabarani, taa nyekundu. Nilikuwa nimeweka wimbo ule ule. Nilikuwa naupiga kila siku ili nikasirike upya, nawaambia ukweli! Riziki alikuwa anaongea kwa simu na Maman Béatrice, mke wa Papa Sylvain, akanionyesha kwa mkono nipunguze. Sikupunguza. Akanyoosha mkono mwenyewe, akazungusha kitufe cha redio, akaisukuma sauti yote upande wangu wa dereva ili upande wake unyamaze.

Na sisi tukatokea! Besi! Wanaume wanne tunanguruma mlangoni kwangu mpaka kioo kinatetemeka!

Nikarudisha kitufe katikati: tumetoweka. Kulia: tupo. Kushoto: tupo. Katikati: hakuna mtu! Taa ikawa kijani, nyuma wanapiga honi, mimi nimeng'ang'ana na kitufe.

Riziki akakata simu. Hakuwa anacheka. "Chéri, Maman Béatrice analia. Papa Sylvain anaacha kwaya. Ataaga ku Jumapili ya mavuno. Anasema mutu haiko anasikia hawezi kuongoza bengine. Ameshakamata rendez-vous kwa docteur ya masikio."

Nikakata kona, nikaenda moja kwa moja kwa Baraka.

Baraka alifungua milango, akachomoa redio, akachukua kibetri na kukigusisha kwenye waya zinazokwenda mlango wa kushoto. Uso wa spika ukaruka kwenda nje. Akagusisha waya za mlango wa kulia vile vile. Ukaruka kwenda ndani.

"Umeona, boss? Moja inasukuma, ingine inavuta. Zikicheza pamoja zinauana. Sauti nyembamba zinapona, besi inakufa."

Akageuza waya mbili za mlango mmoja. Dakika mbili! Nikatoa hela, akakataa. "Wacha tu, hiyo ni bure," akasema, na bure ile iliniuma kuliko two hundred yake.

Jua lilikuwa bado juu nilipofika kwa Papa Sylvain. Sikukubali kukaa. Nilimwomba ashuke nami hadi kwenye gari, nikampigia wimbo wake, ule wa kwanza. Besi ikaja, tulivu, imekaa chini ya sauti zote mahali pake hasa. Wimbo mzuri namna ile, nami niliutukana wiki tatu nzima!

"Papa, ilikuwa waya," nikamwambia. "Niliweka waya kinyume. Masikio yako ni mazima. Unisamehe."

Alisikiliza mpaka ubeti wa pili ukaisha. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, roho ikanitoka. Kumbe anacheka!

"Waya!" akasema, machozi yanamtoka. "Miye nilishaanza kulilia masikio yangu, kumbe waya!"

Akanisamehe, kwa sharti moja: niseme mwenyewe mbele ya kwaya. Alhamisi nikasimama, nikasema yote, pamoja na lile neno la masikio. Wenzangu wa besi walinitazama, nikajua leo napigwa. Kisha mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikawaangusha wote. Tangu siku hiyo naitwa Plus-Moins, yaani plasi na minasi kwa Kifaransa. Hata pasta ananiita hivyo!

Papa Sylvain hakuaga. Jumapili ya mavuno alituongoza, na tai yake ile ile shingoni.

Ikabaki swali: tuutoe wimbo upi? Maana sasa kulikuwa na nyimbo mbili, ule wa kwanza, na ule mpya aliotuongezea besi kwa kelele zetu. Papa Sylvain akanitazama mimi.

"Ule ya pili," akasema. "Besi balitaka kusikika. Batasikika."

Tukapiga makofi, wajinga sisi! Nilipoupiga garini ndipo nilipoelewa. Ubeti wa tatu, kabla mtu yeyote hajaingia, kuna sauti moja nzito inaingia peke yake, mapema, nje kabisa ya nota. Mimi!

Nikampigia simu mbio. "Papa, pale ku ubeti ya tatu..."

"Minajua," akasema. "Mu ule ya kwanza nilikuficha. Kuficha ile nota yako moja ilinikamata wiki mbili, mwana yangu, ili batu basikucheke."

Na mimi niliyemwambia masikio yanazeeka!

Kwa hiyo wewe unayetaka kubadilisha spika za gari lako kwa hela kidogo, badilisha, raha yake ipo. Lakini mlipe fundi, au walau tafuta betri. Kisha peleka sauti kushoto, peleka kulia, rudisha katikati. Besi ikitoweka katikati, funga mdomo wako, usimnyooshee mtu kidole. Kosa liko mlangoni kwako.

Mimi wimbo unanifuata kila mahali. Kwenye saluni za pale Point dada zetu wanaupiga kutwa, na ukikaribia ubeti wa tatu wanasimamisha vidole kwenye nywele za wateja, wanangoja. Ukipita, ukasikia mwanaume anaingia kabla ya wenzake, ndiye mimi. Kwenye spika zangu anasikika vizuri sana.