Sheria ya walevi chuoni kwetu, na siku nilipomtania Mkuu wa Chuo

Wakuu, amani iwe kwenu.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, huu ndio uzi wangu wa kwanza. Nina darasa la saba na cheti cha useremala, na kibodi naigonga kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Niko kafe hapa Kibiti. Jenereta likizima mtajua kwa nini nimekatisha.

Ninayoandika nimeyaona mwenyewe, sikusimuliwa.

Nilisoma chuo cha ufundi nje kidogo ya mji, cha bweni. Wazee wanatuambia zamani hata sukari ilikuwa ya foleni. Sisi wa soko huria tulikuta kila genge limening'iniza viroba vya pombe kali kama pipi. Gongo ipo, bangi ipo, na vijana tupo mbali na kwetu.

Chuo kilikuwa na sheria moja kali. Ukikutwa umelewa, unafukuzwa. Ukikutwa na mlevi, na wewe unahesabiwa mlevi.

Sasa mwenzenu akizidiwa mnafanyaje?

Tulikuwa tunambeba, tunakwenda kumficha kwenye mikorosho nyuma ya karakana, alale mpaka pombe imtoke. Mahali pale tulipaita "hospitali".

Jumamosi moja mchana mgonjwa alikuwa Shamte, Mmatumbi mwenzangu na rafiki yangu wa benchi moja. Huyu mama yake alishatangaza kijijini kwao, upande wa Ikwiriri, kwamba milango ya msikiti mpya itatengenezwa na mwanawe. Siku hiyo alikunywa viroba, akashushia na gongo.

Wenzake walimlaza chali wakaondoka. Mimi sinywi, ila nilikwenda kumtazama. Nilimkuta anakoroma vibaya, matapishi yamejaa kinywani, midomo imebadilika rangi.

Nikamgeuza ubavu, nikamtoa uchafu kwa kidole. Nikaita watu. Niliona vichwa dirishani karakana, hakuna aliyetoka. Siwalaumu. Kutoka ilikuwa ni kufukuzwa.

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, lori la mkaa likatufikisha kituo cha afya. Akapona. Lakini habari zilimfikia Mkuu wa Chuo, na Shamte akarudishwa kwao asubiri bodi imfukuze rasmi. Aliyembeba hakujulikana. Nesi alisema tu "kijana mmoja mwembamba", na chuo kizima tulikuwa wembamba.

Kwa sababu ya tukio lile, bodi ikaagiza sheria ya ulevi ipitiwe upya kabla Shamte hajahukumiwa, na wanafunzi wawili wawemo kwenye kikao.

Wasichana wa ushonaji walimchagua Zuhura, anayeongea kama cherehani. Bwenini kwetu jamaa mmoja akasema, "Tumpeleke Bubu. Huyu hata ukimbana kidole na mlango hasemi. Hawezi kutuuza."

Bubu ndiye mimi. Walicheka, wakanyoosha mikono, nikapita.

Yaani nilichaguliwa ili ninyamaze.

Kikao kilikuwa ofisini kwa Mkuu, Mwalimu Komba, Mngoni wa Songea. Mimi ni Mmatumbi, na wenye asili ya kusini mnajua Mngoni na Mmatumbi ni watani. Darasani alikuwa akinichokoza kila siku, mimi najibu kwa kutazama viatu.

Alianza kwa kujiamini. "Waheshimiwa, muulizeni Matroni. Tangu tuweke sheria hii, hajaletewa mlevi hata mmoja. Huyu Shamte ndiye wa kwanza, na yeye hakupita kwake. Sheria inafanya kazi."

Matroni, Mama Mwanahawa, akaitikia. Kweli hajaletewa.

Wajumbe wakaandika. Nilijua kwa nini hajaletewa. Nikisema, nimewauza wenzangu walionituma, na nimejiuza mwenyewe. Nikinyamaza, Shamte ameondoka, na siku nyingine mtu atafia mikoroshoni.

Zuhura akanikanyaga mguu chini ya meza. Halafu akasema, "Mkuu, mwenzangu ana neno."

Sikuwa nimemwambia nina neno.

Mkuu akanitazama. "Mmatumbi, umeleta ulimi leo, au umeuacha milimani kwenu?"

Wakuu, pale ndipo mlango ulipofunguka. Kama mwanafunzi nisingeweza kumjibu Mkuu. Kama mtani, ananidai jibu.

Nikasema, "Mtani, babu zenu walitukimbiza mpaka milimani. Leo wewe unatukimbiza mpaka mikoroshoni."

Akauliza, "Mikorosho ipi?"

"Ya nyuma ya karakana. Walevi wa Matroni wako kule. Mtu akizidiwa tunamficha, maana ukimleta huku unafukuzwa naye. Shamte alilazwa kule akaanza kupaliwa na matapishi. Angekufa, wewe mtani wake ndiye ungekwenda kulala kaburini kwake, kama watani wafanyavyo msibani, mpaka ndugu wakulipe. Sasa ungemdai nani, na sheria ni yako?"

Mwenyekiti wa bodi alianza kucheka, akaona hakuna wa kucheka naye, akaacha.

Mama Mwanahawa akauliza kwa sauti ndogo, "Mmewalaza wengi huko, mwanangu?"

"Hesabu sijui, mama. Ila majani hayaoti tena."

Mkuu alivua miwani. "Shamte alibebwa na nani?"

"Mimi."

"Basi kwa sheria yangu na wewe ni mlevi."

"Ndiyo, mtani. Na sijawahi kunusa hata kizibo."

Safari hii alicheka yeye kwanza.

Hawakumaliza siku ile. Zuhura ndiye aliyekomaa nao, kikao baada ya kikao. Mwishowe ikawa hivi: aliyezidiwa na aliyemleta hawafukuzwi, kesho yake mlevi anakaa na Matroni wazungumze. Anayeuza viroba au bangi ndani ya chuo, huyo hana msamaha. Matroni akapewa chumba chenye mkeka na ndoo, akatufundisha sote kumlaza mtu ubavu.

Na Shamte akarudi.

Bwenini walininunia. "Bubu, umetuuzia hospitali yetu." Wiki kadhaa hakuna aliyempelekea Matroni mtu. Nikaanza kuona nimefanya kazi bure.

Mpaka mchana mmoja, gwaride limesimama uwanjani, tukaona toroli la zege linakuja katikati ya mistari. Ndani yake yuko yule yule aliyesema siwezi kuwauza, amelazwa ubavu vizuri, miguu inaning'inia nje. Anayesukuma ni Shamte.

Hakupita pembeni. Alipita mbele ya Mkuu, akaita, "Hodi Matroni, nimeleta mlevi!"

Gwaride zima tukamtazama Mkuu.

Mkuu akasogeza mguu kulipisha toroli. "Pita, mtani. Angalia asidondoke."

Pombe haikuisha chuoni, nisiwadanganye. Ila "hospitali" yetu ya mikoroshoni ilikufa, na mpaka namaliza hatukuzika mtu. Majani yameota. Milango ya msikiti aliyoitengeneza Shamte ipo, nimeisukuma kwa mkono wangu.

Nilichojifunza: sheria ya ulevi msiipime kwa walevi mnaowaona. Waulizeni vijana wanawaficha wapi, na mhakikishe anayejibu haadhibiwi.

Wenzangu mliosoma bweni, kwenu mlikuwa mnawaficha wapi? Semeni, mimi nitasoma zote. Kujibu nitachelewa, kidole ni kimoja.