Mwalimu Darubini Nyuma ya Pazia

Wanafunzi wa uuguzi walimwita mwalimu wao Mwalimu Darubini. Alijua, na moyoni jina lilimpendeza. Wodini alikuwa amejifunza kwamba mwanafunzi akimwona mkaguzi hugeuka malaika, na mkaguzi akigeuza kisogo, malaika huchomoa simu. Darasani alihubiri mpaka sauti ikamkauka: "Usiuguze nyonga, muuguze mwenye nyonga! Vuta kiti, kaa, muulize amelalaje." Kisha alishuka wodini kuwawinda.

Safari hii windo lilikuwa Kimya, binti mpole kupita kiasi. Bibi wa kitanda cha dirishani, aliyevunjika nyonga, aliwatimua wauguzi wote na mabeseni yao, lakini alikubali kuogeshwa na Kimya. Kuna nini hapo? Labda binti anampenyezea pipi. Labda hamwogeshi kabisa, wanapiga soga tu na maji yanamwagwa. Mwalimu akamhoji bibi: "Alikuosha mgongo? Kweli? Na kwapani?"

"Ndiyo," bibi akajibu kwa mkato.

Mkato ule ukamzidishia shaka. Wamepanga hawa! Mtihani wa vitendo ulikuwa kesho yake, naye alishakata shauri kumwangusha Kimya, arudie mwaka mzima.

Asubuhi ya mtihani akatangulia kujibanza nyuma ya pazia la kitanda jirani, kilichokuwa kitupu. Kimya akaja, akavuta kiti, akakaa.

"Shikamoo bibi. Hebu gusa maji, niongeze ya moto?"

"Marahaba mjukuu wangu. Yanatosha. Anza na miguu, mgongo baadaye."

Kitambaa kikakamuliwa. Hakuna pipi, hakuna ujanja, na mgongo ukaoshwa vizuri. Kimya alikuwa amefaulu, hilo halikuwa na mjadala. Mwalimu, usishangae, alikasirika kwa kukosa kosa.

"Hivi yule mwalimu wenu anakutafutia nini?" bibi akauliza. "Kila akija ni habari zako tu. Mimi na nyonga yangu hajatuuliza hata siku moja."

"Ndiye aliyetufundisha kuuliza, bibi," Kimya akasema.

Aibu ilimpanda mwalimu mpaka masikio yakamwaka. Akatoka nyuma ya pazia, akavuta kiti, akakaa.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

Bibi akamtazama yeye, akalitazama lile pazia, kisha akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Kwa nini unauliza?"